JICHO LA MASHINE LIJE, LAKINI MFANYAKAZI ASIONDOLEWE



Kwa muda sasa yanasemwa mengi kiwanjani, gatini na katika karakana juu ya mashine mpya yenye macho. Husemwa kwamba mashine hii hufungwa katika ndege, nayo huitazama anga kwa kamera, huiona ndege nyingine inayokuja na kumwonya rubani kabla hazijagongana. Wako wenzetu wanaoifurahia. Wako wanaosema ni hila nyingine ya kupunguza watu kazini. Na wako wanaosema, sisi wa reli, wa miwa na wa samaki, mambo ya angani yatuhusu nini? Hayo ni ya marubani na wakubwa.

Twaanza na hao wa mwisho. Ndege mbili zikigongana haziulizi chini kuna nani. Huanguka juu ya shamba la mtu, juu ya nyumba ya mtu, au ziwani penye mitumbwi ya watu. Tena wanaokwenda kuokoa si wakubwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika ziwa letu hili upande wa Bukoba, watu 19 wakafa, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ile haikuwa ajali ya kugongana, lakini yatufundisha kwamba usalama wa anga ni jambo la kila anayefanya kazi chini yake.

Tena Kisumu ni mji wa ndege tangu zamani. Mwaka 1931 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways zilianza kutua ziwani hapa katika safari zake kutoka Uingereza. Leo kiwanja chetu ni cha kimataifa, na njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Mbali na ndege kubwa za abiria kutoka Nairobi, ziko ndege ndogo zinazokwenda Kabunde karibu na Homa Bay, Rusinga na Mfangano. Ziko helikopta, na kila mwenye kuishi huku ajua jinsi zinavyozidi wakati wa kampeni na wa mazishi makubwa. Katika miaka hii ya 2020 zimeongezeka ndege zisizo na rubani: kampuni ya Zipline ya Marekani ilifungua kituo Chemelil ili kupeleka damu, chanjo na dawa katika hospitali za pande zetu. Ni kazi njema, wala hatuipingi. Lakini anga ni ile ile moja, na wasafiri wake wamekuwa wengi.

JICHO LA MWANADAMU LINASHINDWA WAPI

Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Punde tu ikagongana angani na ndege ndogo aina ya Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Ile ndogo ilianguka katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na wawili waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafa. Ilikuwa mchana, si usiku. Hapa hatutaki kumhukumu mtu, kwani kazi hiyo ni ya wachunguzi. Twataka tu kuuliza swali ambalo kila mfanyakazi hujiuliza: watu wenye macho mazima, mchana kweupe, hukosaje kuonana?

Jibu lake halitokani na uzembe. Wataalamu wa Marekani walikwisha kupima muda ambao rubani huhitaji tangu jicho lipate kuiona ndege nyingine hata ndege yake ianze kugeuka. Kuona, kutambua kwamba ni ndege, kufahamu kwamba inakuja kukugonga, kuamua uende upande gani, kusogeza mkono, na ndege yenyewe kuitika: jumla yake ni sekunde 12 na nusu. Sasa chukua ndege mbili ndogo zinazokuja uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 220 kwa saa. Katika sekunde hizo 12 na nusu zitakaribiana kwa kilomita moja na nusu. Basi ni lazima rubani awe ameiona nyingine ikiwa bado mbali hivyo. Na kwa umbali huo mabawa yake yote huonekana hayazidi punje ya mchele uliyoishika mbele yako kwa mkono ulionyooshwa. Ukiwa umeinamisha macho kusoma saa za mitambo yako, punje hiyo imekupita.

Liko na jambo la pili, ambalo wavuvi wetu wanalijua kuliko wengi. Ukiwa ziwani, mtumbwi unaouona ukisogea kushoto au kulia utapita. Ule unaokaa pale pale machoni pako, hausogei upande wowote, ila unakua tu, huo ndio unaokuja kukugonga. Angani ni vivyo hivyo. Ndege ya hatari haisogei katika kioo cha rubani. Nalo jicho la mwanadamu limeumbwa kukamata kitu kinachosogea. Kilichotulia hulala nacho. Kwa hiyo ndege ya hatari zaidi ndiyo isiyoonekana upesi.

Kwa sababu hiyo ndege kubwa hubeba mtambo wa kuonya, ambao huuliza kwa redio ndege zilizo karibu, nazo hujibu kwa kifaa kiitwacho transponda. Mtambo huo umeokoa wengi. Lakini una mipaka yake. Ndege isiyo na transponda, au ambayo transponda yake haifanyi kazi, kwa mtambo huo haipo kabisa. Tarehe 29 Septemba 2006 huko Brazili ndege ya abiria iligongana na ndege ndogo ya jeti ambayo transponda yake ilikuwa haitoi ishara. Wote 154 wa ndege ya abiria walikufa. Tena karibu na ardhi, ndege inapotua, mtambo huo huacha kutoa amri ya kupanda au kushuka, ili usimwelekeze rubani kwenye ardhi.

MASHINE HII HUFANYAJE KAZI

Hapo ndipo jicho la mashine linapoingia. Kamera hufungwa mbele na pembeni mwa ndege. Hupiga picha nyingi kwa kila sekunde na kuzipeleka katika kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu na maelfu ya picha za ndege, helikopta, ndege wa porini, mawingu na milima. Hutafuta doa dogo angani, huliandama kutoka picha hii hadi ile, na kuangalia kama doa hilo linakaa mahali pamoja huku likikua. Likifanya hivyo, hupiga kelele. Katika ndege isiyo na rubani huigeuza ndege yenyewe.

Sifa zake ni za kweli, nasi hatupendi kumnyima mtu haki yake hata akiwa mashine. Haichoki. Haiinamishi kichwa kusoma karatasi. Hutazama pande zote kwa wakati mmoja. Na zaidi ya yote, haihitaji yule mwingine awe na kifaa chochote: mwenye transponda na asiye nayo, wote huonekana. Kwa ndege ndogo iendayo Mfangano hilo si jambo dogo. Huko Ulaya, wakubwa wa usalama wa anga walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wao juu ya namna ya kuipima mashine ya jinsi hii kabla ya kuiamini. Nayo Zipline ilichukua njia nyingine. Mwaka 2022 ilitangaza mtambo unaosikiliza kwa maikrofoni mlio wa ndege inayokaribia. Wengine macho, wengine masikio, lakini shabaha ni moja.

Sasa tuseme na upungufu wake, kwa maana mwuzaji wa mashine hatakuja kutueleza huo. Kamera haioni ndani ya wingu. Usiku huona taa tu, na taa za ndege hupotea katikati ya taa za mji. Jua likiingia kiooni huwa kipofu kama sisi, na anayeijua Kisumu saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshuka juu ya ziwa na maji yakiwaka kama bati, atafahamu tunasema nini. Vumbi na wadudu huuchafua uso wake, na lazima awepo wa kuupangusa.

Tena mashine hujua lile ililofundishwa tu. Je, imefundishwa anga yetu? Imewaona kongoti na mwewe wanaozunguka juu ya jaa la taka? Imewaona wadudu wa ziwa wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi mweusi? Imeuona moshi wenyewe, wa mashamba ya miwa yanapochomwa Chemelil, Muhoroni na Miwani? Mashine iliyosoma mawingu ya Uswisi pekee yaweza kumpigia rubani kelele kumi za uongo kabla hajatua Kisumu. Na tabia ya mfanyakazi aliyechoshwa na kengele ya uongo twaijua wote: ataizima. Siku ya kengele ya kweli, imezimwa. Kosa litaandikwa kwa jina la nani? La yule aliyeizima, si la yule aliyeuza kengele mbovu.

NANI HUBEBESHWA LAWAMA

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili kwetu sisi wa chama.

Tarehe 10 Septemba 1976 ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, wakafa watu 176. Mnara ule ulikuwa na watu wachache na kazi nyingi. Mwongoza ndege mmoja, Gradimir Tasić, alifungwa peke yake. Waongoza ndege wenzake hawakunyamaza. Walidai aachiwe, nchi yake na nchi nyingine, na mwaka 1978 akatoka gerezani. Huo ndio umoja.

Tarehe 1 Julai 2002 ziligongana ndege mbili nyingine juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71, wengi wao watoto. Ndege zote mbili zilikuwa na ule mtambo wa kuonya, tena ulifanya kazi. Lakini mtambo ulimwambia rubani mmoja apande, na mwongoza ndege akamwambia ashuke. Akashuka. Na yule mwongoza ndege? Alikuwa peke yake usiku ule, akiangalia sehemu mbili kwa mara moja, mwenzake amekwenda kupumzika kwa desturi iliyojulikana na kuachwa na wakubwa, na simu zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2004 baba mmoja aliyefiwa alimwendea nyumbani kwake akamwua. Mwaka 2007 tu ndipo mahakama ya Uswisi ilipowatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni ile.

Na tusidhani hayo ni ya kale. Tarehe 29 Januari 2025, huko Washington, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa inatua, wakafa wote 67. Nchi ile ndiyo yenye fedha na mashine kuliko nyingi duniani. Hata hivyo, usiku ule mwongoza ndege mmoja alikuwa akifanya kazi ya nafasi mbili, na usalama wa wote ulitegemea macho ya watu wa helikopta, waliosema kwamba ndege wanaiona.

Fundisho ni hili. Mashine haikumshinda mwanadamu, wala mwanadamu hakuishinda mashine. Watu walikufa mahali ambapo kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kwa hiyo mtu akija kutuambia kwamba kamera imefika na sasa kiti kile cha pili mnarani hakina haja, tumjibu kwamba kiti hicho kimekwisha kuandikiwa hesabu kwa roho za watu.

Na usifikiri hawatakuja. Huko Ulaya watengenezaji wa ndege walitaka ruhusa ya kuacha rubani mmoja tu chumbani katika sehemu ya safari. Vyama vya marubani vikasimama kidete, na mwaka 2025 wachunguzi wa usalama wa Ulaya wakasema kwamba haiwezi kuthibitishwa kuwa ni salama sawa na marubani wawili. Hapa nyumbani, si mbali na sisi, Kericho, mashine za kuchuma chai ziliingizwa bila wachumaji kuelewana na wenye mashamba, na mwezi Mei 2023 mashine zilichomwa moto. Hatusifu moto. Mashine ikiungua mfanyakazi hapati kazi yake, na aweza kuupata ukuta wa jela. Lakini mwajiri anayeleta mashine usiku na kuitangaza asubuhi ndiye aliyekusanya kuni.

TWATAKA NINI

Sisi hatukatai jicho la mashine. Mfanyakazi anayekataa kitu cha kumwokoa mwenzake ni mpumbavu, na sisi si wapumbavu. Twasema lije, lakini kwa masharti haya:

Kwanza, liwe nyongeza, si badala. Pasiondolewe mtu mnarani, chumbani mwa rubani wala katika karakana kwa sababu ya kamera. Faida ya mashine iwe usalama, si hesabu ya mishahara iliyopunguzwa.

Pili, lijaribiwe hapa. Kabla ya kuaminiwa juu ya ziwa letu lipimwe katika jua letu la jioni, katika moshi wa miwa, katika mvua ya alasiri na kati ya ndege wetu wa porini. Idara ya serikali yenye kusimamia usafiri wa ndege iseme wazi mashine imekosea mara ngapi, na wafanyakazi waonyeshwe hesabu hiyo.

Tatu, wanaolitunza wafundishwe na walipwe. Mtu atakayepangusa kioo cha kamera, atakayekagua waya na kubadili kompyuta, ashika roho za abiria mkononi mwake. Asiwe kibarua wa siku. Apewe cheti, cheo na mshahara wa kazi hiyo. Na vijana wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wafundishwe kazi hiyo, isiwe kila jambo likiharibika tunangoja fundi kutoka ng'ambo.

Nne, picha zisiwe kiboko. Kamera inayotazama anga isigeuzwe kuwa askari wa kumpeleleza rubani, mpakiaji au mjaza mafuta. Picha zitumike kuchunguza ajali, na chama kijue zinakaa wapi na nani huzitazama.

Tano, lawama zigawanywe kwa haki. Ikitokea ajali, aulizwe na aliyeuza mashine, na aliyeinunua, na aliyepanga watu wachache kwa zamu ndefu, wala si yule tu aliyekuwa kitini saa ile. Na mfanyakazi anayetoa habari ya kengele ya uongo au ya ndege mbili zilizokaribiana mno asiadhibiwe kwa kusema kweli. Anayeogopa kusema leo hutuletea maiti kesho.

Sita, ndege ndogo zisisahauliwe. Vifaa hivi visiwe vya ndege za matajiri tu. Ndege ya shule na ile iendayo visiwani ndizo zenye haja kubwa, nazo ndizo zenye mfuko mdogo. Serikali ifikirie kupunguza ushuru wa vifaa vya usalama vya ndege hizo.

Haya yote hayapatikani kwa manung'uniko ya hotelini. Hupatikana mezani. Mwana wa Rusinga, Tom Mboya, alipokwenda Mombasa katika mgomo wa makuli wa bandari mwaka 1955, alikaa na waajiri mpaka mambo yakaelewana na mshahara ukaongezwa. Hakwenda kusema tu kwamba watu wana hasira. Alikwenda akijua watu wataka nini. Basi nasi tujue twataka nini kabla mashine haijashuka kutoka kwenye sanduku lake. Twaomba kila tawi lijadili masharti haya sita katika mkutano wake ujao, liongeze au lipunguze, na mwakilishi wake alete maandishi. Jambo hili liingizwe katika mapatano ya kazi, kwa kalamu, si kwa ahadi ya mdomo.

Kwa wenzetu wa mnarani na wa kiwanjani twasema hivi: mkiambiwa kamera imefika, karibisheni, kisha hesabuni viti. Vikiwa ni vile vile, fanyeni kazi kwa moyo. Kikikosekana kimoja, leteni habari chamani siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.